Haionekani, haijulikani, haifikiki

"Mtandao hakuna" ni sentensi ya kila siku katika ofisi za Tanzania, kuanzia dirisha la benki hadi mapokezi ya zahanati. Sarufi sanifu ingependa "hakuna mtandao" au "mtandao haupo", ingawa mpangilio wa kutanguliza mada (maji hakuna, sukari hakuna) ni wa kawaida katika mazungumzo na haumkwazi mtu. Fundi wa kompyuta ana sababu nyingine ya kuikataa sentensi hiyo: haimwambii chochote. Huenda waya umekatika. Huenda kompyuta iliyo katika jengo la pili imezimwa. Huenda pia kila kitu ni kizima, ila jina moja limekosa anwani yake. Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyoweza kuzitenga hali hizi: kufikika, kujulikana na kuonekana. Katika mazungumzo ya kawaida hukaribiana sana kimaana. Katika mtandao wa kompyuta kila kimoja kinataja hitilafu ya aina yake, yenye chanzo chake na tiba yake.

Tuchukue mfano wa kituo cha afya cha kubuni katika kata ya Nduruma, kusini-mashariki ya jiji la Arusha, pale miteremko ya Mlima Meru inapoishia na tambarare kuanza. Kituo kina majengo mawili. La kwanza lina mapokezi, chumba cha daktari na chumba cha dawa. La pili, ng'ambo ya ua, ni la maabara. Aliyefunga mitambo aliugawa mtandao sehemu mbili, kila jengo na sehemu yake, akaziunganisha kwa ruta. Anwani za kompyuta katika jengo la kwanza zinaanza na 192.168.10, na za maabara zinaanza na 192.168.20. Daktari anafungua orodha ya kompyuta za mtandao, anaona mapokezi, anaona chumba cha dawa, haoni maabara. Anasema mtandao hakuna. Kuanzia saa hiyo majibu ya vipimo yanavushwa ua kwa karatasi, na mahali ambapo watu wengi hushiriki majina machache ya ubatizo na ya ukoo, karatasi iliyoandikwa kwa haraka inaweza kuamua dawa ya mgonjwa mwingine.

Sehemu mbili za mtandao kama hizo ndizo tunazoziita hapa mitandao tanzu. Utanzu ni tawi la mti, na lugha ya biashara imekwisha kulizoesha sikio letu kwa "kampuni tanzu". Wapo wasemao "kijimtandao", lakini kiambishi kiji- hudunisha, na mtandao tanzu si duni kwa lolote: ni mtandao kamili wenye mipaka. Mkulima wa Nduruma hahitaji kufundishwa wazo hili. Mto Nduruma unashuka kutoka Mlima Meru, na maji yake hugawanywa kwa mifereji iliyochimbwa na kutunzwa na wenyeji, kila mfereji ukiwa na wanachama wake na kamati yake. Zamu ya maji ikitangazwa katika mfereji mmoja, tangazo hilo haliwahusu wanachama wa mfereji wa pili, ijapokuwa wote wanategemea mto uleule. Kamati moja ikitaka kusema na nyingine, hutuma mjumbe anayeijua njia. Katika mtandao, mjumbe huyo ni ruta.

Mjumbe huyu ana desturi moja ambayo ndiyo chanzo cha utatanishi mwingi: hubeba barua, habebi mbiu. Kompyuta ina namna mbili za kusema. Yaweza kupeleka ujumbe kwa anwani maalumu, au yaweza kupaza sauti ili kila aliye karibu asikie. Namna hii ya pili mara nyingi huitwa utangazaji, neno ambalo tayari lina kazi nyingi redioni. Mbiu linafaa zaidi, kwa kuwa mbiu hupigwa mahali na husikika kadiri sauti ya pembe inavyofika. Ruta huzuia mbiu kwa makusudi. Lau ingezipitisha, kila kompyuta ya kila jengo ingeshinda ikisikiliza makelele ya nyingine zote. Hivyo kila huduma inayotegemea mbiu hufanya kazi vizuri ndani ya mtandao tanzu mmoja na kunyamaza kimya mpakani, bila kutoa onyo lolote.

Fundi makini huanza na kufikika, kwa sababu mengine mawili hujengwa juu yake. Tuseme kompyuta ya maabara ina anwani 192.168.20.15. Akiwa chumba cha daktari, fundi anaandika amri ya ping ikifuatwa na namba hiyo. Jibu likirudi, njia iko wazi kwenda na kurudi, na hapo hapana haja tena ya kugusa waya. Jibu lisiporudi, aanze na swichi na waya, kisha atazame mambo mawili ambayo husahaulika. La kwanza ni lango, yaani anwani ya ruta ambayo kila kompyuta huikabidhi barua ziendazo nje ya mtandao wake. Lango likiwa limeandikwa sawasawa kwa daktari lakini halikuandikwa maabara, ujumbe utafika, ila jibu halitajua njia ya kurudi. Kwa daktari, hali hiyo haina tofauti na waya uliokatika. La pili ni namba ya mipaka, ambayo kwa mitandao midogo huwa 255.255.255.0. Mtu akiandika 255.255.0.0 kwenye kompyuta ya daktari, kompyuta hiyo itadhani maabara ni jirani wa jengo hilohilo. Badala ya kumpa ruta barua, itapiga mbiu kumwita jirani ambaye hayupo, na kwa kawaida hapatakuwa na wa kuitika.

Kuna tahadhari hapa. Kunyamaza kwa ping si ushahidi kamili kwamba kompyuta haifikiki. Windows ina ngome, programu inayochuja ujumbe uingiao, na kwa mpangilio wa kawaida katika mtandao wa faragha ngome hiyo huwajibu majirani wa mtandao tanzu mmoja na kuwanyima jibu watokao kwingine. Kanuni za kushirikisha mafaili na printa nazo zina mpaka huohuo. Ndiyo maana kompyuta ya maabara humjibu vizuri mwenzake wa chumba cha pili na kumkatalia daktari. Mafundi wengi hapa huizima ngome yote, majibu yakaonekana, wakaenda zao. Hiyo ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu ufunguo mmoja haukuingia. Panapotakiwa ni kuifungua kanuni husika na kuongeza mtandao wa 192.168.10 miongoni mwa wanaoruhusiwa, basi.

Njia ikishathibitishwa, swali la pili ni la kujulikana. Watu hawakumbuki namba, hukumbuka majina. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, Tanzania iliendesha operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikapewa namba na barabara zikapewa majina, lakini mgeni bado huelekezwa kwa shule, kanisa au mti mkubwa. Kompyuta nayo huelekezwa kwa jina, na lazima kuwe na mtu au kitu cha kuligeuza jina kuwa namba. Kazi hiyo baadhi ya tafsiri huiita "utatuzi wa majina". Neno hilo halifai, kwa sababu kutatua ni kuondoa tatizo au kufungua lililotatizika, na jina si tatizo. Kinachofanyika ni kulifasiri, hivyo tunapendekeza "ufasiri wa majina".

Jaribio ni rahisi: fundi arudie ping, safari hii kwa jina badala ya namba. Namba ikiitika na jina lisiitike, kompyuta inafikika lakini haijulikani. Sababu ni kwamba katika mtandao mdogo usio na seva, majina hufasiriwa kwa mbiu. Kompyuta huuliza kwa sauti, "Nani anaitwa hivi?", na mwenye jina hujibu. Mfumo wa zamani wa NetBIOS, ambao kanuni zake za kutumika juu ya mtandao wa IP zilichapishwa mwaka 1987, hufanya hivyo. Njia mpya za LLMNR na ile ya majina yaishiayo kwa.local zina adabu zaidi, maana huita kikundi cha wasikilizaji tu badala ya kijiji kizima. Zote tatu haziruki mpaka. Jengo la maabara halitasikia swali hata likirudiwa mara elfu.

Tiba ni kuacha mbiu na kuweka daftari. Daftari la kwanza ni faili liitwalo hosts, lililomo ndani ya kila kompyuta, ambamo fundi huandika namba na jina kwa mkono. Hivyo ndivyo intaneti yenyewe ilivyoanza: faili moja la majina lilitunzwa California, na kila kituo kikachukua nakala yake, hadi orodha ilipokuwa kubwa mno, na Paul Mockapetris akabuni mfumo wa DNS mwaka 1983. Kituo chenye kompyuta sita kinaweza kuishi kwa faili hilo. Chenye kompyuta arobaini hakiwezi, kwani kila badiliko litamtaka mtu apite mezani kwa kila mtumiaji. Hapo huwekwa daftari moja la pamoja: seva ya DNS, au WINS kwa majina ya NetBIOS katika mitandao ambayo bado ina mashine za zamani. Kompyuta huipelekea seva hiyo swali kwa barua, si kwa mbiu, na barua huvuka ruta bila shida.

Kosa linalojirudia sana hapa ni kuiandikia kompyuta seva mbili za DNS, moja ya ndani na moja ya nje, kwa imani kwamba ya pili itasaidia ya kwanza ikichoka. Kompyuta haiahidi kuanza daima na ya kwanza. Siku itakapoiuliza 8.8.8.8 ya Google jina la kompyuta ya maabara, itajibiwa kwamba jina hilo halipo, na itakubali jibu hilo kama neno la mwisho. Google haiijui maabara ya Nduruma wala haina sababu ya kuijua. Kompyuta zote ziulize seva ya ndani peke yake, na seva hiyo ndiyo iulize ulimwengu kwa niaba yao.

Kuna hali iliyo mbaya kuliko jina kutojulikana, nayo ni jina kujulikana kwa anwani ya zamani. Kama namba hugawiwa kiotomatiki, leo 192.168.20.15 ni ya maabara. Mwezi ujao, baada ya umeme kukatika na vifaa kuwashwa upya, huenda ikapewa kompyuta nyingine. Daftari lisiporekebishwa, daktari atafungua "maabara" na kufika kwingine bila kuonywa. Kompyuta yenye huduma inayotegemewa itengewe namba isiyobadilika. Namba ikibadilishwa kwa makusudi, kompyuta za watumiaji zisahaulishwe majibu ya zamani kwa amri ya ipconfig /flushdns, na kwa majina ya NetBIOS kwa nbtstat -R, yenye R kubwa. Amri ya nbtstat -A ikifuatwa na namba nayo ina faida yake: huiuliza kompyuta ya mbali inaitwaje, na kwa kuwa swali hilo hupelekwa kwa anwani, huvuka mpaka ikiwa ngome haikulizuia.

Majina yenyewe yanastahili neno, hasa kwa sisi wenye lugha ya maneno marefu. Jina la NetBIOS lina nafasi 16, na ya mwisho imehifadhiwa kwa alama ya huduma, hivyo zinabaki herufi 15. Mtu akiziita kompyuta mbili MAABARA-YA-NDURUMA-1 na MAABARA-YA-NDURUMA-2, mfumo utazikata zote mbili zibaki MAABARA-YA-NDUR, na majina pacha yatagombana mpaka moja inyimwe lake. Bora kufupisha jina la mahali na kulinda tofauti: NDU-MAABARA-1 lina herufi na alama 13 na linasomeka. Nafasi tupu haifai, wala mstari wa chini katika majina ya DNS. Kibainishi cha ng' nacho hakikubaliki, kwa hiyo ofisi ya Ng'iresi itaandika NGIRESI na kuvumilia matamshi ya wageni.

Tumebakiza kuonekana, na hapa ndipo daktari wetu alipoanzia. Neno lake la kitaalamu lina historia ya kupendeza. Kuvinjari, katika kamusi za zamani, ni kwenda huku na huku kwa doria au upelelezi, hasa kwa chombo majini. Kutokana nalo tukapata kivinjari, programu ya kusomea kurasa za wavuti. Shida ni kwamba katika Windows neno hilohilo la Kiingereza lililotafsiriwa kivinjari lilitumika pia kwa huduma tofauti kabisa, iliyotunza orodha ya kompyuta za jirani. Msomaji anayeambiwa "huduma ya kivinjari imezimwa" hufikiri intaneti haifunguki. Tunashauri kivinjari kibaki cha wavuti, na ile nyingine iitwe huduma ya orodha ya majirani.

Huduma hiyo ilifanya kazi kama balozi wa nyumba kumi. Katika kila mtandao tanzu kompyuta zilichaguana, moja ikawa balozi. Nyingine zilijitangaza kwake kwa mbiu, zilipokwisha kutulia kila dakika 12, naye akaziandika. Iliyokosa kujitangaza mara tatu ilifutwa. Ndiyo maana kompyuta iliyozimwa ghafla iliweza kuendelea kuonekana kwa zaidi ya nusu saa, na iliyo hai ikachelewa kuandikwa. Ili orodha za mabalozi wawili ziunganishwe ilihitajika mamlaka ya juu yao, balozi mkuu wa kikoa, pamoja na daftari la WINS ili wapate kujuana. (Kikoa, kwa asili, ni ushirika wa watu wanaolishana au kusaidiana kwa zamu, aliyelichagua kwa kundi la kompyuta zenye utawala mmoja alichagua vyema.) Samba, programu huria iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwaka 1992, iliweza kuzibeba kazi zote mbili kwenye mashine ya bei ndogo. Pasipo mpango huo, kila balozi alijua nyumba zake tu.

Yote hayo sasa ni ya mashine za zamani. Huduma ya mabalozi ilitegemea toleo la kwanza la SMB, lugha ambayo Windows hushirikishia mafaili, na mwaka 2017 toleo hilo liliacha kuwekwa kiotomatiki katika matoleo mapya ya Windows 10. Orodha ya leo hutengenezwa na WS-Discovery, ambayo nayo huita kikundi cha jirani na kuishia mpakani. Kwa hiyo kompyuta ya maabara kutoonekana chumbani kwa daktari si hitilafu. Ndivyo mfumo ulivyoundwa, na anayeitafutia dawa anamtibu mtu mzima wa afya.

Dawa yenyewe pia ina sumu. Ushauri unaozunguka miongoni mwa mafundi ni kulirudisha toleo la kwanza la SMB "ili kompyuta zionekane tena". Tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilisambaa duniani kwa kupitia udhaifu uliokuwa katika toleo hilo, ikafunga mafaili kwenye kompyuta zisizokuwa na masahihisho na kudai fidia. Hospitali za Uingereza ziliahirisha miadi na kuwaelekeza wagonjwa kwingine. Kituo cha afya hakina sababu ya kuufungua mlango huo kwa ajili ya picha ndogo kwenye orodha. Daktari awekewe njia ya mkato yenye jina la kompyuta ya maabara na folda inayohusika. Jina likifasiriwa na njia ikiwa wazi, folda itafunguka, orodha iwe na picha hiyo au isiwe nayo.

Kiswahili kinatupa hapa silaha moja zaidi, nayo ni viambishi vya mahali: po, ko na mo. "Kompyuta ya maabara haipo" ni taarifa nzito, kwamba kifaa chenyewe hakipatikani. "Haimo katika orodha" hutaja tu kukosekana ndani ya kitu fulani, na hiyo ndiyo hali ya daktari wetu. Katika daftari la hitilafu, badala ya "mtandao hakuna", muuguzi anaweza kuandika: "Kompyuta ya maabara haimo katika orodha, kwa jina haifunguki, kwa namba inafunguka." Anayeisoma sentensi hiyo asubuhi huziacha waya zilipo, haigusi orodha, anakwenda moja kwa moja kutazama seva ya majina, na pengine atakuta jina halijawahi kuandikwa humo. Ikiwa sentensi ni "kwa namba nayo haifunguki, lakini chumba cha pili cha maabara kinaifungua", ataanza na lango, kisha namba ya mipaka, kisha ngome, na atajua mapema kwamba atalazimika kuvuka ua akayatazame ya upande wa pili.